Tusikiache Kiswahili Forodhani

Wapo walimu wenzetu ambao, wapatapo likizo, huwapeleka watoto wao Kasese, magharibi ya Uganda. Safari hiyo ni njema: Milima ya Ruwenzori ina theluji ingawa Ikweta i karibu, na katika Ziwa Katwe chumvi huvunwa kwa mikono. Lakini tazama wanavyosafiri! Hotelini huagiza chipsi, tena kwa Kiingereza. Warudipo, wana picha tu.

Laiti wangefika Bwera, kwenye soko la Mpondwe, mpakani mwa Kongo! Huko wachuuzi wa pande mbili hupatana bei, na asiyeijua lugha ya Wakonzo hutumia Kiswahili. Mtoto angekula bundu, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki, na angeuliza mwenyewe jinsi unavyosongwa.

Mwasema, "Kiswahili chao si sanifu." Je, nani miongoni mwetu alizaliwa na usanifu kinywani? Darasani twafundisha kwamba lugha hii yavuka mipaka. Tukivuka sisi, twaiacha forodhani. Mwalimu wa namna hiyo hulifuta kwa safari moja somo alilolifundisha mwaka mzima.