Mwenzenu Sijakisoma

Siku moja ofisini kwetu, wakati wa chai ya saa nne, dada mmoja aliweka kikombe mezani akasema: "Mwenzenu mimi *Vuta N'kuvute* sikuwahi kuisoma. Niliifanyia mtihani wa kidato cha sita, nikafaulu, lakini kitabu chenyewe sikukifungua." Tulikuwa saba. Wa pili akasema hata yeye, alisoma kijitabu cha uhakiki tu. Wa tatu akasema alifika sura ya pili. Mimi nilikuwa wa nne. Mwishowe tulihesabika watano tuliofaulu kwa riwaya tusiyoisoma, mmoja aliyeisoma kweli, na mzee wetu mmoja aliyesema aliisoma zamani ila haikumbuki vizuri.

Tangu siku hiyo swali moja halijanitoka. Je, kuna faida yoyote watu wazima kusema mbele za watu wanachosoma na kutazama kwa kweli, hata kiwe chepesi namna gani, au ni heri kila mtu abaki na lake? Nauliza kwa sababu kila panapozinduliwa kitabu tunasikia hotuba ileile, kwamba watu wetu hawasomi, na kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kitabuni. Msemo huo unaniudhi. Unasemwa na watu ambao sijawahi kuwasikia wakitaja walichosoma wao wenyewe mwezi uliopita. Hadhira inaondoka imekaripiwa, na mtu aliyekaripiwa haendi kununua kitabu. Anakwenda kujifunza kuficha.

Kiswahili kina maneno mazito ya kusema ukweli juu ya nafsi. Mtu huungama kwa padri, hukiri mbele ya hakimu, hutubu kwa Mola wake. Anayeanza na "mwenzenu" hajamwendea yeyote kati ya hao. Amekwisha kujihesabu miongoni mwa wasikilizaji kabla hajataja kosa lake, na hapohapo amewaomba nao wakumbuke ya kwao. "Mwenzenu jana watoto wamelala na chai na mkate." "Mwenzenu chapati za sikukuu nilizinunua kwa mama wa kona, nikazipanga kwenye hotpoti." Anayesema hivyo hangoji kusamehewa. Anangoja mtu aseme "hata mimi". Mabaraza ya pwani yamefanya kazi hii miaka nenda rudi, na sijui chombo kingine kinachoiondoa aibu ndogo kwa gharama nafuu kama hicho.

Kwenye usomaji aibu hiyo ina historia yake. Muhammed Said Abdulla alipotoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa akiwa na kiko mdomoni, Waswahili walipata hadithi ya kuwakesha. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Miaka ya sabini akaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake katika *Kufa na Kupona*, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakachanika. Lakini wahakiki walikwisha kuchora mstari: huku riwaya dhati, kule riwaya pendwa. Neno "pendwa" lenyewe ni zuri, linatokana na kupenda, ila kwenye madarasa mengi lilitamkwa kama lawama. Basi kijana aliyemsoma Willy Gamba usiku kucha alificha kitabu chini ya dawati, na mwalimu alipomuuliza anasoma nini alijibu Shaaban Robert.

Nami nilijibu hivyo. *Adili na Nduguze* nilikuja kuisoma baadaye na ninaipenda, lakini haikunifundisha kusoma haraka kwa hamu ya kujua kitakachotokea. Hilo nadaiwa na riwaya za upelelezi, ambazo pia ndizo zilizonifanya nitake kujua makaburu walikuwa akina nani na wapigania uhuru walipigania nini. Kumnyima Musiba sifa hiyo kwa kuona haya ni dhuluma. Na bado nina deni jingine: Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, *Mabepari wa Venisi* ikatoka mwaka 1969, nami nimeitaja kwa fahari mara nyingi mbele ya wageni bila kufika mwisho wake. Mwaka huu nimeianza tena.

Kwenye kutazama aibu ni ileile, ila imevaa kanzu na suruali. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*. Kwetu ilisemwa kuwa ni ya akina mama. Baba mdogo aliketi pembeni na gazeti lake, lakini siku aliyochelewa kurudi swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa kama yule mkwe ameshapatana na mama mkwe. Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alihutubia Dar es Salaam, akaitaja tamthilia hiyo jukwaani. Nakumbuka baba mdogo alivyotabasamu. Kuanzia hapo aliacha gazeti, akavuta kiti mbele.

Halafu kuna filamu zinazotafsiriwa. Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro: mtu mmoja anaichukua filamu ya kigeni na kuisimulia upya kwa Kiswahili chake, akiwapa wahusika majina ya mtaani na maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Watu wengi wenye shahada wanasema hizo ni za vijana wa vibanda vya video. Mimi Kiingereza nakisikia, na bado naipenda iliyotafsiriwa, kwa sababu msimulizi hodari hunipa filamu mbili kwa wakati mmoja. Ni sanaa ya utambaji wa hadithi imehamia kwenye skrini. Tungeisema hadharani mapema, pengine vyuo vyetu vingeichunguza mapema.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni sitara. Wazee wetu wametulea kwamba jambo la ndani halitolewi nje, na kwamba Mungu akikusitiri usijifunue. Naikubali, kwa mpaka mmoja: sitara inalinda jambo la ndani, na kitabu nilichoacha katikati hakimo humo. Lakini chapati zilizonunuliwa ni za nyumba nzima. Anayesimulia ya mkewe au mwanawe ili watu wacheke amechukua mali isiyo yake.

Ya pili ni simu. Neno la barazani lilikufa barazani. Leo linapigwa picha kwenye kundi la WhatsApp, na jioni linasomwa na watu ambao hukuwaambia "mwenzenu" na ambao si wenzako. Wanaoumia zaidi ni wanawake. Mwanamume akisema anafuatilia tamthilia ya Kituruki watu wanacheka naye. Mwanamke akisema anasoma hadithi za mapenzi, anaulizwa kazi za nyumbani anafanya nani. Siwezi kumwambia dada yeyote ajifunue mbele ya umati wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba wenye vyeo na sauti, wasioweza kudhuriwa kirahisi, ndio waanze.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwalimu wa fasihi akisema hajakimaliza kitabu anachofundisha, mwanafunzi atajifunza nini? Hapa nakubaliana na wapinzani moja kwa moja. Aliyeajiriwa kukifundisha kitabu anapaswa kukisoma, na "mwenzenu" yake haitoshi. Lakini mwalimu huyohuyo anaweza kusema alipokuwa kidato cha tatu *Kusadikika* ilimshinda, akaeleza ni nini kilimrudisha. Mwanafunzi aliyekwama ukurasa wa kumi anahitaji kusikia hilo kuliko anavyohitaji orodha ya dhamira.

Narudi kwenye chai yetu. Yule mmoja aliyeisoma kweli *Vuta N'kuvute* hakutucheka. Alituuliza tunamkumbuka Mwajuma. Sote tulimkumbuka: mhusika msaidizi. Ndivyo uhakiki ulivyotuandikia. Akaanza kutusimulia Mwajuma wa Ng'ambo, mwimbaji wa taarabu, anayempokea Yasmin chumbani kwake baada ya binti huyo kumkimbia mume aliyeozwa, mzee Raza. Alitusimulia hadi chai ikapoa. Wiki hiyo baadhi yetu tukaitafuta filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hiyo, nayo ikatuongezea kiu. Ijumaa akaleta kitabu chenyewe, nakala ya zamani yenye mgongo uliobandikwa gundi.

Dada aliyeanza ndiye aliyekichukua kwanza, akakaa nacho siku tisa. Mimi nilikaa nacho karibu mwezi, maana mhusika Denge na wenzake walinirudisha mara kwa mara kwenye historia ya Zanzibar ya miaka ya hamsini ambayo nilidhani naijua. Sasa kiko kwa mwenzetu wa tano. Juzi, watu walipokuwa wanarudi kwenye meza zao, mzee wetu aliyeisoma zamani alibaki nyuma akiosha kikombe chake polepole, kisha akaniuliza nani anafuata kwenye foleni.