Mtindi Usitupwe, na Kidonge Kisiachwe

Mazungumzo ya barazani siku hizi hayaishi ila yatajwe presha, sukari na yale mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli. Wako wasemao kwamba dawa yake ni maziwa ya mtindi, na wako wanaowacheka. Kwa maoni yangu, wote wawili wana haki, na wote wawili wamepita mpaka.

Mwaka 1974 mtaalamu wa Marekani, George Mann, alitangaza uchunguzi alioufanya pamoja na Dkt. Anne Spoerry, yule daktari wa ndege ambaye jina lake lilijulikana sana Lamu na visiwa vyake. Wanaume 24 wa Kimaasai walipewa maziwa ya mgando kwa wingi kila siku. Mtu angedhani kolesteroli itapanda, kwani maziwa yana mafuta. Kumbe ilishuka, hata kwa walioongezeka uzito.

Siri yake ni nini? Ini letu hutumia kolesteroli kutengenezea nyongo. Nyongo humwagika matumboni ikayeyusha mafuta ya chakula, kisha nyingi yake hurejea inini kutumika tena. Baadhi ya bakteria wa maziwa yaliyochacha huivunja nyongo hiyo, ikashindwa kurejea, ikatoka na choo. Hapo ini hulazimika kuvuta kolesteroli nyingine kutoka damuni.

Lakini si kila bakteria afanyaye kazi hiyo. Mwaka 2012 aina moja teule ya Lactobacillus reuteri, iliyotolewa kwa kipimo maalumu, ilipunguza kolesteroli mbaya kwa kadiri ya asilimia 12. Vidonge vya hospitali viitwavyo statini huweza kuipunguza kwa asilimia 30 hadi 50. Basi mgonjwa wa moyo anayetupa vidonge vyake kwa kuwa jirani kamsifia mtindi, huyo anajidhulumu nafsi yake. Dini yetu imetuamrisha tujitibu, wala haikutuambia tuchague tiba kwa uvumi.

Na nyinyi mnaocheka, tazameni meza zetu za futari: sambusa, bajia, viazi vya karai, na soda kando yake. Bakuli la mtindi limekwenda wapi? Kulirejesha si kazi. Maziwa yachemshwe kwanza, kwani mabichi huleta maradhi; yapoe hadi yawe vuguvugu, yatiwe kijiko cha mtindi wa jana, yafunikwe yalale. Yakishaganda yasichemshwe tena, maana moto utawaua bakteria tunaowataka. Wala yasijazwe sukari, tusije tukakimbia maradhi haya tukayakumbatia mengine.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtindi ndio mbacha wetu, na soda ndiyo msala upitao. Ama kidonge cha daktari, hicho kiacheni kwa amri ya daktari mwenyewe, si kwa fatwa ya barazani.