Wengi Wape, Lakini si Mizani

Wahenga walinena, "Wengi wape." Ni usia mwema katika kugawa chakula na kuchagua viongozi, mbele ya mizani ya hakimu ni usia wa hatari. Ushahidi nautoa katika jimbo la Iowa, Marekani.

Tarehe 3 Aprili 2009, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikata shauri la jozi sita za watu wa jinsia moja walionyimwa hati ya ndoa. Majaji wote saba, kwa kauli moja, walisema kuwa sheria iliyoweka ndoa kwa mume na mke tu ilipingana na sharti la usawa katika katiba ya Iowa. Makanisa hayakulazimishwa neno. Iliyoamuliwa ni ndoa ya serikali. Novemba 2010 wapiga kura waliulizwa kama majaji watatu kati yao, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, wabaki kazini. Wakawaondoa wote. Tangu kura ya namna hiyo ianze mwaka 1962, hapana jaji wa mahakama ile aliyepata kufikwa na jambo hilo.

Wapinzani wetu hunena, "Mamlaka ni ya wananchi, majaji waliyapora, wenyewe wakayatwaa." Nakiri kuwa kura ile ilikuwa halali. Lakini ilileta nini? Katiba ina mlango wake wa kurekebishwa, mgumu kwa makusudi: mabaraza mawili ya kutunga sheria yanayofuatana, kisha kura ya wananchi. Kuwafukuza majaji hakukufuta herufi moja ya katiba, wala hakukutangua ndoa hata moja. Kuliwatia hofu waliosalia, basi. Tena mwaka 2012 wapiga kura walimbakiza David Wiggins, jaji wa nne wa hukumu ileile. Ikiwa hukumu ilikuwa wizi mwaka 2010, ilitakaswa na nini kwa miaka miwili? Sheria haikubadilika, hamaki ndiyo iliyopoa.

Mahakama ya Iowa ina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1839, Iowa ilipokuwa haijawa jimbo, ilikataa kumrudisha utumwani mtu mweusi aliyeitwa Ralph. Mwaka 1868 iliamuru binti mweusi, Susan Clark, apokelewe katika shule ya watu wote, miaka 86 kabla ya mahakama ya taifa kufika hapo. Je, ingalifaa majaji wale wawaulize wengi kwanza?

Msomaji unayeichukia hukumu ya mwaka 2009, sikuombi uipende. Nakuuliza neno moja. Siku utakapokuwa mchache wewe, kwa dini yako, au kabila lako, au shamba lako linalotamaniwa na wengi, utataka kusimama mbele ya jaji yupi: anayesoma sheria, au anayechungulia dirishani kuhesabu vichwa?