Barabara Pana na Moshi Wake

Kule Marekani kuna ubishi mkubwa. Je, wajenzi wa barabara kuu wapaswa kuhesabu moshi wa motokari zitakazopita juu yake, pamoja na hewa ya kaboni inayoongeza joto la dunia? Sisi twajibu: wapaswa. Tena wahesabu kabla ya kazi kuanza, si baada ya lami kukauka.

Wapinzani husema: «Panueni barabara, motokari zitakwenda bila kusimama, na moshi utapungua.» Maneno matamu, lakini mambo yenyewe yayakana. Tazameni mji wa Houston. Barabara iitwayo Katy Freeway ilipanuliwa, kazi ikaisha mwaka 2008. Mahali pengine ina njia 26, pamoja na zile za kandokando. Je, msongamano ulikwisha? Hata kidogo! Toka 2011 mpaka 2014 safari za asubuhi na jioni zilizidi kurefuka. Kwa nini? Njia ikipanuka, watu hujenga mbali zaidi, huacha basi, hununua motokari; mara nafasi imejaa tena.

Kwa hiyo twalisifu jimbo la Colorado. Desemba 2021 liliamuru kwamba mipango ya barabara isipite kipimo cha kaboni kilichowekwa. Ikizidi, fedha zielekezwe kwenye mabasi na njia za waendao kwa miguu. Mwaka 2022 likaacha mpango wa kupanua barabara ya I-25 katikati ya Denver. Minnesota nayo ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka 2023.

Mwaka huohuo serikali kuu iliagiza majimbo yapime kaboni hiyo na kujiwekea shabaha ya kuipunguza. Majimbo mengi yalishtaki, na mwaka 2024 korti ya Texas ikaifuta amri, ikisema Bunge halikutoa uwezo huo.

Twakubali: mkulima akaaye mbali hana basi, na barabara kwake ni uzima. Lakini kuhesabu si kukataza. Gharama ya barabara si mawe na lami tu. Ni pia kifua cha mtoto alalaye kando yake, na mvua ya watu wote, maana hewa haijui mpaka. Anayekataa kulihesabu deni hilo halifuti: awaachia watoto wake walilipe.