Nyumba Njema Si Mlango

Jumatatu ya kufungua shule, mwezi wa Januari, kabla jua halijapanda juu ya minazi, ukisimama kando ya njia yoyote ya mchanga katika wilaya zetu za pwani ya Tanga, utaona msafara usiopigiwa ngoma wala kupokewa na wakuu, lakini ambao kwa maoni yangu una heshima kuliko misafara yote inayopita nchini mwaka mzima. Ni watoto wa miaka sita au saba hivi, walioshikwa mkono na mama zao au bibi zao, wakienda kuanza darasa la kwanza. Sare zao ni kubwa kuliko miili yao, kwa kuwa mzazi aliyezinunua alikwisha piga hesabu ya mwaka ujao na wa baada yake. Kwapani mna ufagio wa chelewa ulioagizwa na shule, na mkononi mna daftari ambalo halijatiwa hata nukta. Mwaka huu nami nilikuwamo katika msafara huo, nikimpeleka mjukuu wangu, baada ya kupita miaka mingi nikiutazama kutoka upande wa pili, yaani kutoka mlangoni mwa shule, nilipokuwa mwalimu na kisha mwalimu mkuu.

Zamani, katika siku ambazo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, mtoto aliyekuja kuandikishwa aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na ashike sikio la kushoto; aliyelifikia alikubaliwa, na asiyelifikia alirudishwa nyumbani akangoje mkono urefuke. Mimi nilirudishwa mara moja, na mwaka uliofuata nilipolipata sikio nililibana kwa nguvu hata likaniuma, nisije nikaambiwa kwamba sikulishika sawasawa. Siku hizi mtoto huandikishwa kwa cheti, na hesabu hukusanywa na ofisa elimu wa kata, akampelekea ofisa elimu wa wilaya, na katika kikao cha baraza la madiwani husomwa asilimia ya uandikishaji. Ikiwa imezidi lengo, makofi hupigwa. Makofi hayo ni ya haki, nami nikiwapo huyapiga. Walakini wahenga wametuachia neno kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na hoja yangu leo ni kwamba sisi Watanzania, kwa zaidi ya miaka hamsini, tumekuwa hodari wa kufungua mlango wa shule, na wazito wa kuingia ndani kutazama ni nani anayempokea mtoto aliyeingia.

Mlango huu umefunguliwa kwa nguvu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa katika siku za Mwalimu Nyerere, ambapo ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo mwaka 1977. Taifa lililokuwa na walimu wachache lilifanya jambo ambalo mataifa tajiri yasingethubutu: liliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, likawafunza ualimu huku wakifundisha, na watu wakawaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Wengi wao walikuwa na moyo wa dhahabu, na miongoni mwao wamo waliokuja kuwa walimu wakubwa. Lakini ni dhahiri kwamba kijana ambaye jana alikuwa dawatini, leo akikabidhiwa watoto wasiojua hata kuishika kalamu, alitwishwa mzigo mzito kuliko kimo chake.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2002, ambapo ada iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980 ilikwisha futwa tena, ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao watu waliuita MMEM. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Mara ya tatu ilikuwa Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na kwa hiyo mzazi aliyekuwa akilipa shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari ya kutwa, au 70,000 katika ya bweni, akaona mzigo umeshuka begani. Mara zote tatu nchi ilifanya wema, na mara zote tatu wema huo ulitua kwanza juu ya chumba kimoja cha shule, nacho ni chumba cha darasa la kwanza.

Umati wa watoto una tabia ya maji ya mto: huanzia chanzoni, na kila mwaka huteremka hatua moja. Watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2016, wakiwa wamebanana, ndio waliofika kidato cha kwanza Januari 2023, na serikali, ikijua kwamba wanakuja, ilitoa shilingi bilioni 160 kwa ajili ya vyumba 8,000 vya madarasa ya sekondari. Mwaka mmoja kabla yake, kwa fedha za UVIKO-19, vilijengwa vyumba 15,000, na katika hivyo 12,000 vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi za msingi. Na kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa mpango uliotangazwa makundi mawili yatamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa miaka miwili kwa siku moja. Haya yote yanahesabika, na yanayohesabika hupata bajeti. Jengo hupigwa picha likizinduliwa. Lakini mtoto aliyeketi wa mwisho nyuma, asiyeisikia sauti ya mwalimu, hana picha wala hana utepe wa kukatwa.

Kanuni yetu ya serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Kila aliyepita katika shule za miji na vijiji vyetu anajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa Januari hata Januari, hasa katika darasa la kwanza, ambamo watoto hukaa watatu na wanne kwenye dawati la wawili, na wengine chini. Mwalimu wa darasa la saba akiwa na watoto wengi aweza kuandika ubaoni, nao wakanakili. Mwalimu wa darasa la kwanza hawezi, kwa sababu mtoto hajui bado kwamba alama ile nyeupe ina sauti. Yeye hana budi kuushika mkono wa kila mmoja, kuipindua kalamu iliyoshikwa vibaya, kuisikiliza herufi inavyotoka mdomoni, kumfuta machozi anayemlilia mama yake, na kuanza upya. Hakuna kazi ya ualimu iliyo ngumu kuliko hiyo, na hakuna inayopewa heshima ndogo kuliko hiyo.

Nasema hivi kwa kuwa nilishiriki katika dhuluma hiyo. Kila mwisho wa Desemba, nilipokuwa nikigawa madarasa, niliwapeleka walimu wangu hodari darasa la saba, kwa sababu mtihani wa Septemba ndio ulionipimia mimi na shule yangu. Darasa la kwanza nikampa mwalimu mgeni aliyeripoti jana, au mgonjwa aliyekaribia kustaafu, au yule tu asiyeweza kukataa. Sikuwa na nia mbaya, wala sidhani kwamba walimu wakuu wa leo wanaofanya vivyo hivyo wana nia mbaya; mtu hupeleka nguvu zake pale anapoulizwa.

Kisha siku moja niliingia darasa la tano kwa kuwa mwalimu wao alikuwa na udhuru, nikamwita binti mmoja asome ukurasa wa kitabu cha Kiswahili. Akausoma wote, kwa sauti nzuri, bila kukwama, nami nikafurahi. Nikamwekea kidole juu ya neno moja la katikati ya ukurasa, nikamwambia, “Nisomee hili, mwanangu.” Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine, akanyamaza vilevile, na macho yakamjaa machozi. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake, na kwa miaka minne akili yake yote, nayo ilikuwa akili kubwa, ilitumika kuificha siri kwamba hajui kusoma. Tangu siku ile nilikaa naye kila jioni baada ya kengele, tukianza na irabu, na muhula haukwisha ila alikuwa akisoma kitabu asichowahi kukiona kabla. Hakukosa akili hata siku moja. Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono katika mwaka wa kwanza, na kumpata mtu huyo ilikuwa dhima yangu.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza umewekwa juu ya mafiga matatu, kusoma, kuandika na kuhesabu, ambayo tumezoea kuyaita KKK, na upo upimaji wa darasa la pili wa kutuonyesha tulipofika. Fikra hiyo ni njema. Na sera mpya imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake ni kwamba kosa la mwaka wa kwanza, ambalo zamani mtoto aliondoka nalo baada ya miaka saba, sasa atalichukua miaka kumi, akiketi mbele ya vitabu vilivyofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulisahauliwa darasa la kwanza.

Ninaiomba halmashauri ya kila wilaya, basi, kwamba mwalimu bora wa shule apewe darasa la kwanza. Apewe kwa heshima, kama apewavyo amana mtu aaminiwaye, aende na watoto walewale hadi darasa la pili, na asiondolewe mpaka awakabidhi wakisoma. Najua jibu litakalotolewa: walimu ni wachache, na matokeo ya darasa la saba yataporomoka. Lakini mwalimu hodari wa darasa la saba aghalabu hutumia mwaka wake kuziba nyufa zilizoachwa miaka sita, kwa makambi na vipindi vya usiku, na nyufa nyingine hazizibiki. Mtoto anayejua kusoma hujifunza hata siku ambayo mwalimu hayupo, kwa sababu kitabu humfundisha. Asiyejua kusoma hafundishwi na kitabu chochote, hata ukimpa maktaba nzima.

Nasema pia juu ya siku zenyewe za kufungua shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na inamwadhibu akikataa. Ikiwa ndivyo, haiwi insafu kwa shule kumrudisha mtoto yule yule njiani kwa kuwa hana sweta, tena katika joto la Januari la pwani, au kwa kuwa hakuleta rimu ya karatasi. Nimemwona mwaka huu mtoto wa jirani akirudi nyumbani saa tatu asubuhi siku ya pili ya shule, peke yake, ufagio ukiwa bado kwapani. Mtoto wa umri ule hazijui nyaraka. Anajua tu kwamba alikwenda, na kwamba hakutakiwa. Mzazi naye asiutumie msamaha wa ada kama ruhusa ya kulala: sare, daftari, kalamu na uji wa asubuhi ni juu yake, na mwenye uwezo anayemwachia jirani fukara jambo hilo naye amedhulumu. Lakini deni la mzazi na lidaiwe kwa mzazi, barazani mbele ya kamati ya shule, mtoto akiwa ndani darasani anasoma.

Na neno la mwisho ni la hesabu. Wilaya zihesabu mara mbili. Zihesabu Januari walioingia, kama zifanyavyo, kisha zihesabu tena mwisho wa Machi: wangapi bado wamo, wangapi wanazijua herufi, wangapi wanasoma silabi, na hesabu hiyo isomwe mbele ya madiwani kwa sauti ile ile iliyosoma ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu mkuu atakapojua kwamba naye ataulizwa juu ya darasa la kwanza, na nguvu zake zitakwenda huko.

Wazazi nao waweza kuhesabu bila kungoja kikao. Huku kwetu kila mashua ina jina lake lililopakwa rangi ubavuni, na kila duka na kila daladala lina neno lake. Machi ikiisha, nimekusudia kumchukua mjukuu wangu jioni moja hadi ufukweni, maji yakiwa yametoka na mashua zimelala mchangani, nimwonyeshe moja kwa kidole, nimwambie kama nilivyomwambia yule binti, “Nisomee hili.” Akilisoma, nitakwenda shuleni asubuhi yake kumpa mwalimu wake mkono. Na asipolisoma, nitakwenda vilevile.