Paka Mpole Ageukapo Mkali

Wako watu wasemao ya kuwa paka ni mnyama asiye na shukrani. Leo hulala miguuni pa bwana wake akinguruma kwa raha. Kesho humrukia na kumpapura mkono hata damu ikatoka. Wengine hunena ya kwamba ameingiwa na pepo, au ametumwa na jirani mwenye kijicho. Ndipo paka hupigwa fimbo, ama hutiwa katika gunia akatupwa mbali. Lakini wahenga walisema, paka wa nyumba haingwa. Basi kabla ya kumfukuza mlinzi wa ghala zetu za mahindi, yatupasa kuitafuta sababu, maana hasira yake haikosi sababu, ingawa mara nyingi imefichika.

Sababu ya kwanza ni maumivu. Paka huficha ugonjwa wake, kama afanyavyo paka mwitu ambaye ndiye asili yake, kwa kuwa porini mnyama aonekanaye dhaifu hushambuliwa. Jino likioza, sikio likiingia wadudu, au jeraha la kupigana likitunga usaha chini ya manyoya, huenda asilie kabisa; lakini mtoto amgusapo hapo pauma, atamwuma. Paka mzee naye huumwa viungo, kama wazee wetu. Kwa hiyo paka aliyekuwa mpole miaka mingi, kisha akageuka ghafula, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Wala msimpe vidonge vyenu vya kutuliza maumivu. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Sababu ya pili huwashangaza wengi. Paka amekaa dirishani, akamwona shume mgeni akipita uani. Moyo wake wawaka, lakini hawezi kumfikia adui yake. Mara mama wa nyumba apita karibu, na hasira yote yamwangukia yeye asiye na kosa. Hali hiyo yaweza kudumu saa nyingi. Dawa yake ni kumwacha peke yake mahali pa giza na kimya mpaka atulie. Asishikwe wala asibebwe.

Tena wako paka wapendao kupapaswa kidogo tu. Mkono ukizidi, raha hugeuka kero. Hata hivyo, paka hutoa onyo: mkia hupiga huku na huku, masikio hulala nyuma, ngozi ya mgongo hutetemeka, na mboni za macho hupanuka. Watoto wafundishwe dalili hizo, na wakiziona waondoe mkono mara moja. Wasimkaribie paka aliyezaa karibuni, wala wasimchezeshe mtoto wa paka kwa vidole vyao, maana atajifunza kuwa mkono wa mtu ni windo. Mtoto wa paka asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8, kwa kuwa ni kwa mama yake na ndugu zake ajifunzapo kuuma pasipo kuumiza.

Fimbo haifai katika mambo haya yote. Paka hajui kuwa anaadhibiwa kwa kosa la jana. Ajua tu kwamba mtu huyu ni wa kuogopwa, na mnyama mwenye hofu huuma zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Jina lisitudanganye. Ni kweli kwamba watu wengi mno wafao kwa ugonjwa huu huupata kwa mbwa, lakini paka aliyeumwa na mnyama mgonjwa huupata pia, akamwambukiza mtu. Paka akibadilika ghafula tabia, akatokwa na mate, sauti ikageuka, akayumba akitembea, au akamrukia kila apitaye, msimguse. Mpasheni habari daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa au akipapurwa hata damu ikatoka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asipake pilipili, udongo wala mafuta. Asingoje kuona kama ataugua, maana dalili zikishamtokea mtu, ni nadra sana apone. Lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa, kama ilivyoonekana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Paris mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa. Sindano zake ni kadha wa kadha, nazo zimalizwe zote. Hata pasipo kichaa, jino la paka ni jembamba kama sindano, nalo hupeleka uchafu ndani sana, mkono ukavimba.

Paka aliyeuma asiuawe na kutupwa ovyo. Akiwezekana kufungiwa salama, daktari atamwangalia siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku alipouma.

Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautatimia kwa kazi ya madaktari peke yao. Siku mtakapompeleka mbwa wenu kuchanjwa, mchukueni na paka pia ndani ya kikapu kilichofunikwa vema.