Lehemu haipigi hodi
Ndugu mkulima, lehemu ikizidi kwenye damu haiumi. Hujikusanya kidogo kidogo kwenye kuta za mishipa tangu ujanani, hadi siku moyo au ubongo unapokosa damu. Wengi husema jembe ni mazoezi tosha. Sikubaliani: jembe husaidia, ila halifuti sigara wala mafuta mengi.

Tunauza alizeti yote, kisha tunanunua mawese ya kupima. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha lehemu. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Bakiza gunia moja ukamue ya nyumbani. Muuza chipsi, mafuta yakiwa meusi, mwaga. Ukifika miaka 40, kapime damu.